Msimu wa Nairobi fly: Mkono Ndio wa Kuchungwa

Mvua za masika zikishanyesha kwa wiki kadhaa mfululizo, wakazi wa Umoja, Kayole, Donholm na Tassia, mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hupata mgeni asiyebisha hodi. Huingia jioni, taa zikishawashwa, akapanda ukuta, akaizunguka balbu, kisha akadondoka popote: kwenye daftari la mtoto anayefanya kazi ya shule, kwenye mto, kwenye kola ya shati. Mtu huhisi kitu kikimtambaa shingoni na mkono huenda wenyewe. Kofi moja, kitu kimepondeka, mtu anajipangusa na kuendelea kutazama taarifa ya habari. Kesho yake shingo iko shwari. Kesho kutwa ndipo mstari mwekundu unapojichora, ukawaka moto na kutoa malengelenge, na jirani wa kwanza kuuona hutangaza bila kuulizwa: "Hiyo ni Nairobi fly."

Jirani huwa amepatia. Kinachompita, na kinachowapita wengi, ni kwamba mdudu hakumuuma mtu. Hana meno ya kuuma ngozi wala mwiba wa kudunga. Mwenye shingo ndiye aliyejipaka sumu kwa kiganja chake mwenyewe, na karibu kila hatua ya kujikinga na mdudu huyu inaanzia hapo.

Jina lake linapotosha kidogo, maana huyu si nzi. Ni mbawakawa, wa ukoo mpana uleule wa mdudu-kibibi, yule mwekundu mwenye madoa meusi ambaye watoto humchezea kiganjani bila kudhurika. Nairobi fly ni mwembamba na mrefu, milimita 6 hadi 10 hivi. Kichwa chake ni cheusi, kifua ni cha rangi ya machungwa, katikati kuna vibawa vifupi vyenye mng'ao wa buluu au kijani, kisha tumbo la rangi ya machungwa linaloishia kwenye ncha nyeusi. Vibawa hivyo vifupi hufunika mabawa halisi yaliyokunjwa kwa ustadi chini yake, kwa hiyo anaweza kuruka, ingawa mara nyingi hupenda kukimbia. Akitishwa huinua mkia juu. Anayemtazama haraka humdhani chungu, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa chungu wa kawaida hupondwa kwa kidole bila madhara yoyote. Afrika Mashariki jina la Nairobi fly hutumika hasa kwa spishi mbili, Paederus sabaeus na Paederus eximius. Jamaa zao wa karibu wamesambaa Asia, Ulaya Kusini na Amerika, na kadhaa kati yao huunguza ngozi vivyo hivyo.

Sumu iko ndani ya mwili, katika majimaji yanayofanya kazi ya damu. Inaitwa pederini. Wataalamu wawili wa Italia, Pavan na Bo, waliitenga mwaka 1953, na kazi ya kuuchunguza muundo wake ilihitaji mbawakawa wapatao milioni 25 waliokusanywa mashambani. Ilichukua karibu nusu karne zaidi kabla ya kugundulika kwamba mdudu mwenyewe si mtengenezaji. Mwaka 2002 Mjerumani Jörn Piel alionyesha kwamba jeni za kuitengeneza pederini ni za bakteria wanaoishi ndani ya mdudu. Majike ndio hubeba sumu nyingi, wakaipitisha kwenye mayai, na buibui wawindaji huwakwepa watoto wanaozaliwa na kinga hiyo. Madume wana kiasi kidogo tu. Kwa hiyo mtu aliyewahi kumponda mmoja na asipate kitu hana haki ya kuwaambia wenzake kwamba habari hizi ni uvumi. Huenda aliponda dume.

Pederini huzuia seli kutengeneza protini. Ndiyo maana maabara za dunia zimekuwa zikiichunguza kwa ajili ya kupambana na saratani, na ndiyo maana ngozi iliyopakwa haipigi kelele mara moja. Seli huchukua muda kufa. Kwa kawaida wekundu hujitokeza kati ya saa 12 na 48 baadaye, malengelenge yakafuata, na wakati huo mwathiriwa ameshasahau kofi la juzi na anamlaumu kunguni, sabuni mpya au maji ya mtungi.

Mdudu huyu si mgeni katika vitabu vya tiba. Tayari mwaka 1935 watafiti Roberts na Tonking walikuwa wamechapisha maelezo kuhusu mbawakawa wa Afrika Mashariki anayetoa malengelenge. Lakini kilichomfanya aingie katika mazungumzo ya kila nyumba ni mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilipoongezeka idadi yake kiasi kwamba zahanati zilijaa watu wenye shingo na nyuso zilizobabuka. Tangu hapo kila mvua kubwa huja na tahadhari yake. Nje ya Afrika pia hali ni hiyo. Mwezi Julai 2022, kwenye jimbo la Sikkim, kaskazini-mashariki mwa India, wanafunzi wapatao 100 wa chuo kimoja cha teknolojia walipatwa na vidonda hivi katika msimu wa mvua, na vyombo vya habari vya huko vikaandika jina la Nairobi kana kwamba mji wetu ulikuwa umewatumia mzigo. Ukweli ni kwamba Asia ina mbawakawa wake wenyewe wa jamii hii.

Eastlands ina sababu zake za kupata zaidi ya sehemu nyingine za jiji. Mdudu huyu hutaga mayai kwenye udongo mbichi na majani yanayooza, na watoto wake hukulia humo kwa wiki chache. Mto Nairobi unapita Kariobangi na Dandora, Mto Ngong unapita karibu na Donholm hadi Kayole, na kandokando ya mito hiyo kuna mashamba madogo ya sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe. Upande wa Embakasi udongo ni ule mweusi unaonata, usiopitisha maji upesi, kwa hiyo kila kiwanja kisichojengwa hugeuka bwawa la nyasi kwa miezi miwili. Mvua ikizidi, udongo hujaa maji na mbawakawa hulazimika kupanda juu kutafuta pakavu. Wakiinua macho wanaona nini? Majumba ya ghorofa 6 au 7 yaliyobanana, kila dirisha limewaka, na katikati ya mtaa mlingoti mrefu wa zile taa kali ambazo watu wameziita mulika mwizi. Taa hizo zimesaidia usalama, hakuna anayebisha. Ila wadudu wa usiku nao huzifuata, na nyumba zilizo chini yake hupata waliodondoka.

Sasa, mkono. Mdudu akionekana juu ya ngozi, jambo la kwanza ni kutofanya chochote kwa sekunde moja. Ni ngumu kuliko inavyosikika, hasa gizani, lakini inafunzika. Kisha apulizwe kwa nguvu, au iwekwe karatasi mbele yake apande mwenyewe, halafu akung'utwe nje ya dirisha. Kutembea kwake tu juu ya mkono kwa kawaida hakuleti kidonda. Hata hivyo sehemu aliyopita ioshwe kwa sabuni, kwa tahadhari. Akiwa sakafuni au ukutani anaweza kuuawa kwa kiatu, mradi pale alipopondeka pafutwe kwa karatasi au kitambaa chenye maji ya sabuni na soli ya kiatu isisahaulike. Mzazi mwenye watoto wa shule ya msingi atafanya vizuri kuwafundisha mapema kwa kuwaonyesha picha au mdudu mwenyewe ndani ya chupa iliyofungwa, kwa sababu mtoto akiambiwa tu "usimguse" bila kumjua atamwogopa kila chungu na kumponda huyu.

Ikiwa kofi limeshapigwa, muda ndio dawa. Maji mengi na sabuni, papo hapo, kabla ya kwenda kuuliza mtu yeyote. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Ngozi isisuguliwe kwa taulo wala kwa kucha, maana kusugua kunaitandaza sumu. Mikono ioshwe pia, hadi chini ya kucha, kwa sababu kiganja kilichoponda ndicho kitakachofikicha jicho dakika 5 baadaye au kuingia msalani. Nguo iliyoguswa ivuliwe ifuliwe, na shuka vilevile.

Ushauri huu unasomeka vyema kwenye karatasi, lakini Kayole au Pipeline maji hutoka kwa mgao, na saa 6 za usiku bafu liko mwisho wa koridoo. Familia zinazojua msimu huu huweka ndani ya chumba mtungi mdogo wa maji, beseni na sabuni, kuanzia Aprili. Nusu lita iliyomiminwa mara moja ni bora kuliko kuoga kikamilifu asubuhi.

Kidonda chenyewe kina sura yake. Mara nyingi ni mstari, kwa sababu mdudu aliburutwa na vidole, na kipo mahali palipokuwa wazi: shingo, uso, mkono, mgongo wa asiyelala na fulana. Pale ngozi inapokunjana, kwa mfano ndani ya kiwiko, alama moja hujichapa upande wa pili na kuwa mbili zinazotazamana. Huwasha, huchoma, malengelenge madogo hutokea, mengine yakawa na kitu kinachofanana na usaha, kisha hukauka na kubambuka. Wengi hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Kwenye ngozi nyeusi baka jeusi hubaki kwa miezi, jambo linalowakera hasa waliopata usoni, na jua kali hulifanya lidumu zaidi. Kidonda hakiambukizi. Anayelala kitanda kimoja na mgonjwa hawezi kukipata kutoka kwake, na maji ya lengelenge hayazai lengelenge jingine.

Utata mkubwa ni kukichanganya na mkanda wa jeshi. Mitaani majina haya mawili hubadilishwa kiholela, na mtu huweza kuambiwa ni mdudu kumbe ni virusi, au kinyume chake. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hutanguliwa na maumivu au kuchonyota kwa siku kadhaa kabla ya vipele, hukaa upande mmoja wa mwili bila kuvuka katikati, na hupenda kifua, kiuno au upande mmoja wa uso. Una dawa zake, na hizo hufanya kazi vyema zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Kwa hiyo anayeshuku asikae nyumbani kusubiri. Mkanganyiko mwingine ni wa kuungua: mwalimu akimwona mtoto ana mstari wa malengelenge shavuni anaweza kufikiri mtoto amechomwa, na mzazi ajue kueleza kabla maneno hayajapanuka.

Nini kipakwe? Orodha ya vinavyopakwa Eastlands ni ndefu: dawa ya meno, mafuta ya taa, chumvi, majivu, maji ya kufulia nguo nyeupe, hata mate ya asubuhi. Vyote viachwe. Ngozi hii imeshaungua kwa kemikali, na kuiongezea kemikali nyingine ni kuizidishia kidonda. Kinachosaidia ni kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji baridi, kiwekwe kwa dakika 10 au 15 mara kadhaa kwa siku, na malengelenge yasitumbuliwe. Mwasho ukizidi, mfamasia anaweza kutoa dawa ya kunywa ya kupunguza mwasho. Daktari anaweza kuandika krimu ya steroidi kwa siku chache. Hapo pana neno la kusema wazi: krimu hizo zinauzwa mitaani kama peremende, na wengine wanazo nyumbani kwa ajili ya kung'arisha uso. Kuipaka kwa wiki nyingi hukondesha ngozi, na kuipaka karibu na jicho ni hatari. Vivyo hivyo antibiotiki, ambazo baadhi ya maduka ya dawa huzitoa kabla mteja hajamaliza sentensi. Sumu ya mdudu si bakteria. Antibiotiki zina kazi pale tu kidonda kinapoingiwa na vijidudu, dalili zake zikiwa maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha mwingi, wekundu unaotambaa au homa.

Jicho ni habari nyingine kabisa. Sumu ikifika huko, mara nyingi kwa kidole, kope huvimba hadi jicho likafumba, machozi yakatiririka na mwanga ukachoma. Kuna madaktari wanaouita ugonjwa huu "jicho la Nairobi". Lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, bila kufikicha, anayevaa lenzi akizitoa kwanza, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa wakazi wengi wa upande huu, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo ya karibu, nayo huweza kumwelekeza mgonjwa kwenye kitengo cha macho. Matone ya macho ya jirani, yaliyobaki kutoka ugonjwa mwingine, yasitumiwe.

Baada ya mkono, taa. Jua la Nairobi huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na saa inayofuata ndiyo ya pilikapilika: watu wanarudi kazini, milango iko wazi, jikoni moto umewaka, taa zote zimewashwa. Mpangilio rahisi ni kufunga madirisha na kushusha mapazia kwanza, halafu ndipo taa iwashwe. Wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubuluu, ule wa tyubu na wa balbu za bei rahisi, kuliko wa manjano hafifu. Kubadilisha balbu ya nje ya mlango ikawa ya manjano ni gharama ndogo yenye faida ya haraka. Kama mwenye nyumba anataka taa kali ya ulinzi, iwekwe kwenye ukuta wa geti, ikitazama nje, isiwe juu ya mlango wa mtu. Ndani, taa ya chumba cha kulala izimwe kabla ya watu kulala, na kitanda kisikae moja kwa moja chini ya balbu, kwa sababu wengi huanguka kutoka hapo. Stima ikipotea, skrini ya simu iliyo sentimita 20 kutoka usoni hubaki kuwa taa pekee chumbani. Kila mmoja na achague anachotaka kumulika.

Nyumba nyingi za Nairobi zina matundu ya kudumu ya kupitisha hewa juu ya fremu ya dirisha. Hayafungwi, na ndiyo njia kuu ya wadudu hata dirisha likiwa limebanwa. Kila msimu kuna watu wanaoyaziba kwa magazeti au matambara. Hilo ni kosa linaloweza kuua, kwani chumba kinachopikiwa kwa jiko la makaa kinahitaji matundu hayo kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Badala yake yawekewe wavu wa chuma au wa plastiki wenye macho madogo, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ukabanwa kwa misumari midogo au kubandikwa kwa gundi. Madirisha ya chuma yenye grili hayahitaji fundi: wavu hukatwa kwa kipimo, ukashonewa mkanda wa kunata pembeni, ukatolewa na kufuliwa unapochafuka. Chini ya mlango, tambara lililokunjwa au mpira wa kuziba pengo hufaa.

Chandarua, Nairobi, hudharauliwa. Jiji haliko katika maeneo yenye malaria nyingi kama kandokando ya Ziwa Victoria au pwani, kwa hiyo wengi huona ni kitu cha kupakia mtu anaposafiri nyumbani. Kwa miezi miwili ya mvua kinafaa, hasa kwa watoto wachanga ambao hawajui kupuliza mdudu na ambao ngozi yao ni laini. Kichomekwe chini ya godoro kabla ya giza, na kabla ya mtoto kuwekwa ndani yake, pembe zake zikaguliwe kwa tochi. Nguo zilizoanikwa paani zitolewe kabla ya saa 12 jioni na kukung'utwa. Taulo la bafuni, ambalo mtu hujipangusa nalo uso akiwa amefumba macho, lisiachwe likining'inia karibu na dirisha lenye taa.

Makala nyingi za aina hii huishia chumbani, kana kwamba Eastlands hulala saa 3 usiku. Mama anayekaanga chipsi kando ya barabara Kayole, kijana wa smoki na mayai, mama mboga wa soko la Mutindwa anayefunga usiku, wote hufanya kazi chini ya balbu iliyofungwa sentimita chache juu ya kichwa. Wao wanahitaji ushauri wao. Balbu isogezwe upande, ifungwe kwenye mti hatua mbili kutoka anaposimama mtu, ili mwanga uje kwa mshazari na wadudu wadondoke pembeni. Leso ya shingoni na mikono mirefu husaidia kuliko mafuta yoyote ya kujipaka. Chakula kifunikwe, na kilichoangukiwa na mdudu huyu kimwagwe, hata kama hasara inauma, maana pederini haifai kumezwa. Mlinzi wa geti anayeketi chini ya taa usiku kucha asogeze kiti chake kwenye kivuli. Ataona vizuri zaidi anayekuja, na hatanyeshewa wadudu. Mwendesha bodaboda ashushe kioo cha kofia, jambo ambalo lilipaswa kuwa hivyo hata bila mdudu.

Kuhusu dawa za kupuliza, zinaua, lakini mzoga hubaki na sumu yake hata ukikauka. Anayepuliza usiku na kulala amejitandikia shaka. Baada ya kupuliza, chumba kifagiwe kwa ufagio na kizoleo, kamwe si kwa kiganja, na sakafu ipigwe deki kwa maji ya sabuni. Isipulizwe juu ya kitanda wala vyombo. Na ile ya chupa isiyo na lebo, inayopitishwa na wachuuzi mlango hadi mlango, isiingie ndani kabisa. Kenya ina Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, na bidhaa iliyosajiliwa huwa na namba na maelezo ya matumizi kwenye chombo chake.

Nje hali inageuka. Shambani Nairobi fly ni rafiki. Hula vidukari na wadudu wengine laini wanaonyonya mboga, na mwenye bustani ya sukuma wiki ya gunia hana sababu ya kumnyunyizia sumu. Kinachofaa ni umbali: gunia lisiegemezwe kwenye ukuta wa chumba wala chini ya taa ya koridoo, rundo la majani na mabaki ya mboga liondolewe karibu na mlango, nyasi za ukutani zifyekwe, na mtaro uzibuliwe ili maji yasituame. Palizi ifanywe mchana kwa glavu au mikono mirefu.

Kwa wenye ndugu ng'ambo, simu za mwezi Oktoba huleta kisa kinachofanana. Wakenya wa Minnesota au Massachusetts husimulia kuta zilizojaa mdudu-kibibi wa Asia, Harmonia axyridis, ambaye Marekani ilimwingiza ili ale vidukari na ambaye mwaka 1988 alibainika amejikita Louisiana. Baridi ikikaribia, hukusanyika kwa mamia kwenye kuta zenye jua na kupenya ndani kutafuta pa kujihifadhi. Huyo haunguzi ngozi. Akipondwa hutoa majimaji ya manjano yenye harufu mbaya na doa lisilotoka kwenye mapazia, kwa hiyo huko hufyonzwa kwa mashine ya kusafishia zulia, na nyufa za madirisha huzibwa mwishoni mwa Septemba. Huku mdudu hufuata mvua na taa, huko hufuata joto. Kumponda hakumsaidii mtu popote.

Kilichobaki ni tarehe. Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, za vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba, na vidonda huongezeka zinapokuwa zimekolea. Wiki ya mwisho ya Februari na ya mwisho ya Septemba ndizo za kumfuata msimamizi wa ploti, wapangaji wakiwa wengi na si mmoja mmoja, kumwomba wavu wa matundu ya koridoo, balbu ya manjano kwenye ngazi na kufyekwa kwa kiwanja cha nyuma. Wavu ukibandikwa mvua zikiwa zimeshaanza, huwafungia ndani walioingia tayari. Aliyechelewa aanze kwa kufagia, kugeuza godoro na kukagua nyuma ya mapazia mchana, mdudu akiwa ametulia, ndipo abandike.